Rekodi za koo za Wagoshute zipewe mwongozo mmoja: barua ya wazi kwa wasimamizi wa nyaraka

Kwa: Wasimamizi wa Nyaraka za Taifa za Marekani walioko Washington, Broomfield na San Bruno, wakuu wa BIA, ofisi ya serikali inayosimamia masuala ya wenyeji wa asili, katika kanda ya Magharibi na matawi yake ya Elko na Fort Duchesne, wasimamizi wa nyaraka za majimbo ya Utah na Nevada, na wasimamizi wa maktaba ya FamilySearch, shirika la kumbukumbu za koo la Kanisa la Wamormoni, Salt Lake City.

YAH: MWONGOZO WA PAMOJA WA KUMBUKUMBU ZA KOO ZA WAGOSHUTE

Waheshimiwa,

Mgoshute, mwenyeji wa asili wa jangwa la Utah na Nevada, anayetaka kuthibitisha kwamba mwanamke fulani aliyeorodheshwa Deep Creek, moja ya makazi ya kabila lake, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ndiye bibi wa baba yake, anaanza kazi ambayo hakuna ofisi yenu hata moja inayoweza kuimaliza peke yake. Majalada ya upande wa Utah yako Broomfield, Colorado. Ya upande wa Nevada yako San Bruno, California. Barua za makao makuu ziko Washington. Majalada mengi ya BIA ya miaka ya karibu zaidi yamewekwa Lenexa, Kansas, kwenye ghala lililo chini ya ardhi ndani ya mwamba wa chokaa. Filamu na vitabu vya kanisa viko Salt Lake City. Katika kila mlango mtumishi humwelekeza mgeni wake kwa adabu mlango unaofuata, na mara nyingi huwa hakosei. Kasoro iko kwenye mpangilio, na mpangilio uko mikononi mwenu.

Ombi letu ni moja, mengine yote yanatoka humo: kaeni pamoja mtengeneze mwongozo mmoja wa kumbukumbu hizi, uliopangwa kwa kuwafuata watu wenyewe na mahali walipoishi, badala ya kufuata ofisi zilizowahi kuwasimamia.

Tunaandika kama watu wanaozisoma nyaraka hizi safu kwa safu. Tumechagua Kiswahili kwa sababu bonde la Salt Lake lina wasemaji wa Kiswahili waliofika kutoka Kongo, Burundi na kwingineko. Wamekuwa majirani wa Wagoshute, na ni vizuri wajue kwamba nchi waliyofikia ina wenyewe.

Kwa wasomaji hao, maelezo mafupi. Wagoshute ni tawi la Washoshone wa Magharibi. Nchi yao ni jangwa na milima ya kusini-magharibi mwa Great Salt Lake, kuvuka hadi mabonde ya mashariki mwa Nevada. Tarehe 12 Oktoba 1863, katika bonde la Tooele, viongozi wao walitia alama zao kwenye mkataba wa amani mbele ya Gavana James Duane Doty na Jenerali Patrick Edward Connor. Mkataba uliahidi bidhaa za thamani ya dola 1,000 kila mwaka kwa miaka 20, na ndani yake hakuna kifungu cha kuuza ardhi. Leo serikali inazitambua mamlaka mbili za Wagoshute. Moja ina makao Ibapah, Utah, katika bonde la Deep Creek. Eneo lake lilianza kutengwa kwa amri ya rais mwaka 1914, na sasa limelalia mpaka wa Utah na Nevada. Nyingine ni kundi la Skull Valley katika kaunti ya Tooele, ambalo eneo lake lilitengwa mwaka 1912 na kuongezwa mwaka 1917.

Mkataba huo wa 1863 mtu yeyote anaweza kuusoma leo kwenye intaneti, kwa kuwa Nyaraka za Taifa zilimaliza kupiga picha mikataba yote 374 iliyoidhinishwa. Tunaishukuru kazi hiyo kwa dhati. Lakini mkataba una majina ya viongozi wachache. Watu wengine wote, akina mama, watoto, wazee waliokuwa wakiokota mbegu na kokwa za misonobari siku ule mkataba unasainiwa, wanatafutwa kwenye orodha, na ndiko mtafutaji anakokwama.

Kwanza ni suala la ofisi. Skull Valley inahudumiwa na ofisi ya Fort Duchesne, na Ibapah na ile ya Elko. Huko nyuma mipaka ya ofisi ilihama mara nyingi zaidi. Anayetafuta kwenye orodha za zamani hana budi kukagua vichwa vya ofisi za Goshute, Western Shoshone, Carson, Paiute, na Uintah na Ouray, na kwa miaka ya kabla ya 1880 aongeze barua za usimamizi wa Utah na wa Nevada, ambazo zimo katika mfululizo wa filamu M234 wenye mikanda 962. Nyaraka hupangwa kwa kufuata ofisi iliyoziandika. Hiyo ni kanuni ya taaluma, tunaiheshimu, na hatumwombi mtu avunje mafungu ya karatasi. Ila fikirieni ndugu watatu wa tumbo moja, mmoja amebaki Ibapah, wa pili ameolewa Skull Valley, wa tatu anafanya kazi kwenye ranchi upande wa Nevada. Kwa familia hao ni watu wa nyumba moja; kwenye rafu zenu ni watu wa mafungu matatu, na hakuna karatasi inayomwambia msomaji wa fungu la kwanza kwamba mengine mawili yapo.

Pili ni jina la kabila lenyewe. Makarani waliliandika Goshute, Gosiute, Goship, Goshoot, Gosha-Ute. Wengine waliandika Shoshone tu, na wengine, kwa kufuata sauti ya mwisho ya jina, wakawahesabu kuwa Waute, ambao ni kabila jingine. Anayeandika tahajia moja kwenye kisanduku cha kutafutia cha katalogi hupata sehemu ndogo ya kilichopo, kisha huondoka akiamini amemaliza.

Sasa tuje kwenye orodha, kwa sababu hapa ndipo makosa yanayoumiza zaidi yanapozaliwa.

Sheria ya tarehe 4 Julai 1884 ilimtaka kila wakala wa serikali apeleke kila mwaka orodha ya watu wa eneo lake. Zilizopatikana, za 1885 hadi 1940, zimo katika mfululizo M595, mikanda 692, zikiwa zimepangwa kwa jina la ofisi na kisha kwa mwaka. Kabla ya hapo hali ni mbaya zaidi: mwaka 1873 makamishna maalumu wa serikali, John Wesley Powell na George W. Ingalls, waliwahesabu Wagoshute 460, lakini jedwali lao linataja viongozi na idadi ya wanaume, wanawake na watoto walio chini yao, basi. Majina ya hao wengine hayamo. Kwa hiyo orodha za wakala, pamoja na udhaifu wake, ndizo uti wa mgongo wa utafiti wowote wa ukoo.

Ukurasa wa kabla ya 1930 kwa kawaida una namba, jina la asili kama liliandikwa, jina la Kiingereza, uhusiano na mkuu wa kaya, jinsia na umri. Namba ile si ya mtu, ni ya mstari. Orodha ikipangwa upya mwaka unaofuata, aliyekuwa wa 41 anaweza kuwa wa 44. Ndiyo maana kurasa nyingi zina safu mbili za namba, ya orodha iliyopita na ya sasa, na hizo mbili zikisomwa pamoja zinamfuata mtu mmoja mwaka hadi mwaka hata kama jina lake limebadilika tahajia. Waandaaji wengi wa faharasa huziacha safu hizo wakidhani hazina maana. Wanapoziacha, wanakata kamba pekee inayowaunganisha watu.

Umri ni mtego mwingine. Makarani wengi walinakili orodha ya mwaka uliopita wakaongeza mwaka mmoja kwa kila mtu. Kosa la miaka mitano likiingia mara moja, linaendelea na mtu huyo hadi siku anapofutwa kwenye orodha. Kwa hiyo orodha kumi zinazokubaliana juu ya mwaka wa kuzaliwa si mashahidi kumi. Ni shahidi mmoja aliyenakiliwa. Njia salama ni kuchukua orodha ya kwanza kabisa anamotajwa, kisha kuilinganisha na chanzo ambacho hakikunakiliwa kutoka humo: sensa ya taifa, cheti cha kifo, jalada la shule, au kumbukumbu ya ubatizo. Vikitofautiana, andika vyote na chanzo cha kila kimoja. Asiyefanya hivyo hujikuta ameunganisha binti na mama yake kuwa mtu mmoja.

Halafu majina. Mwanamume aliyejulikana kwa wazungu kama Jim, bila jina la pili, watoto wake huandikwa wakiwa na Jim kama jina la ukoo. Ndugu yake aliyefanya kazi kwenye ranchi anaweza kuandikwa kwa jina la mwenye ranchi, na wa tatu akajulikana kwa jina la mama au mke wake. Majina matatu ya ukoo, baba mmoja. Jina la asili, lilipoandikwa, ndilo linaloweza kuwarudisha pamoja, ila kila karani aliliandika kwa sikio lake, hivyo jina moja linaweza kuwa na sura nne katika miaka minne. Ni lazima lisomwe kwa sauti na mtu anayejua Kishoshone. Mashine ya kusoma maandishi haiwezi, na mfanyakazi wa kujitolea asiyejua lugha hiyo hawezi.

Uhusiano nao umeandikwa vibaya kwa namna ambayo msomaji wa Kiswahili ataielewa upesi. Katika ukoo wa Kishoshone dada wa mama yuko kwenye nafasi ya mama, na watoto wa ndugu huhesabiwa kuwa kaka na dada. Babu mzaa mama na mjukuu wake huitana kwa neno lilelile. Karani alimuuliza mtoto, “Huyu ni nani wako?” akapata jibu la kweli, akaliandika katika safu ya familia ya Kizungu yenye baba, mama na watoto wao wa kuzaa. Miaka mingi baadaye mjukuu anakataliwa maombi yake ya uanachama wa kabila kwa kuwa “mama” wa mwaka mmoja si “mama” wa mwaka mwingine. Wote wawili ni mama zake. Aliyemzaa ni mmoja, na ushahidi wa yupi ni yupi huwa kwenye majalada ya warithi.

Majalada hayo yanastahili kutajwa peke yake. Sheria ya tarehe 25 Juni 1910 ilimpa Waziri wa Mambo ya Ndani mamlaka ya kuamua warithi wa mwenyeji wa asili aliyefariki akiwa na ardhi iliyo chini ya uangalizi wa serikali. Ili kuamua, maofisa waliwahoji wazee chini ya kiapo: marehemu alioa nani, kwa desturi au kwa cheti, watoto wangapi walizaliwa, wangapi walikufa wachanga, ndugu zake ni akina nani. Hakuna nyaraka nyingine za serikali zenye maelezo ya ukoo yaliyo karibu na kinywa cha wahusika kiasi hiki. Wagoshute waliogawiwa viwanja ni wachache, hivyo majalada ni machache, na kwa sababu hiyohiyo kila moja lina uzito mkubwa. Waliochukua ardhi kwa sheria za makazi za 1875 na 1884 wana majalada mengine upande wa ofisi ya ardhi, yenye viapo vya majirani. Mtafutaji wa kawaida haelekezwi huko kabisa, kwa kuwa si rekodi za BIA.

Tumefika kwenye kipimo cha damu, yaani hesabu ya sehemu ya nasaba ya mtu inayotoka kwa wenyeji wa asili, na hapa tunawaomba wakuu wa BIA wasome kwa makini. Fomu ya orodha ilibadilishwa mwaka 1930. Ikaongezwa safu ya kiwango cha damu, na maelekezo yakaruhusu alama tatu tu: F kwa aliye kamili, ¼+ kwa mwenye robo moja au zaidi, na -¼ kwa aliye chini ya robo. Haikuruhusiwa kuandika kwa undani zaidi. Maana yake mwenye robo tatu na mwenye robo moja walipewa alama ileile. Ilipofika 1933 ndipo sehemu nyingine zikaruhusiwa. Anayeichukua leo alama ya ¼+ ya mwaka 1930 akaisoma kuwa robo kamili, anaweza kumnyang'anya mtu sehemu kubwa ya nasaba yake, na watoto na wajukuu wa mtu huyo wanahesabiwa kuanzia hapo. Mtu anapojaza fomu 4432 kuomba cheti cha kiwango cha damu, hesabu yake yote inasimama juu ya babu huyo. Elekezeni kwa maandishi kwamba alama za 1930 hadi 1933 zisitumike kamwe kama kiwango kamili bila chanzo kingine, na wekeni njia ya wazi ya kurekebisha pale zilipokwisha kutumika. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji waraka wa ukurasa mmoja.

Sensa za taifa zina faida ya kuwa hazikunakiliwa kutoka orodha za wakala, lakini zina mashimo. Kabla ya 1900 wenyeji wa asili wasiolipa kodi hawakuhesabiwa kwa kawaida, na sensa ya 1890 karibu yote iliangamia baada ya moto wa Januari 1921 mjini Washington. Sensa za 1900 na 1910 zilikuwa na fomu maalumu, na chini ya ukurasa kuna maswali ya kabila la mtu, la baba na la mama. Wapiga chapa wa faharasa mara nyingi wameishia sehemu ya juu, kwa hiyo fungua picha yenyewe usome hadi mwisho wa karatasi. Mwaka 1930 safu ya mahali alipozaliwa baba ilitumika kuandika kiwango cha damu, na ya mama kuandika kabila. Faharasa zisizojua hilo humwonyesha baba aliyezaliwa mahali paitwapo “Full”, neno la Kiingereza la “kamili”. Sensa ya 1950, iliyofunguliwa Aprili 2022, ina fomu ya ziada ya P8 kwa maeneo ya wenyeji wa asili, na watafutaji wengi huipita bila kujua.

Na kuna kukosekana ambako kuna sababu. Mwaka 1917 wanaume wa Deep Creek walikataa kujiandikisha kwa ajili ya vita, na Februari 1918 askari wa Fort Douglas walipelekwa huko kukamata watu. Uraia kwa wenyeji wote wa asili ulikuja baadaye, kwa sheria ya tarehe 2 Juni 1924. Kwa hiyo kijana wa Kigoshute asiye na kadi ya 1917 asidhaniwe kuwa alikuwa amekufa au amehama. Yaelekea aligoma, na jina lake litafutwe kwenye barua na ripoti za mgogoro huo, si kwenye sanduku la kadi.

Vyeti havina mengi ya kusema. Utah ilianza usajili wa jimbo zima mwaka 1905, Nevada Julai 1911; kati ya 1898 na 1905 tafuta kwenye rejesta za kaunti za Utah. Vyeti vya vifo vya Utah huwa wazi baada ya miaka 50, vya kuzaliwa baada ya miaka 100. Katika cheti cha kifo angalia kwanza ni nani aliyetoa taarifa. Akiwa binti, majina ya wazazi wa marehemu yana uzito. Akiwa mganga au karani wa ofisi, yachukue kama dokezo tu.

Shule ya bweni ya Stewart, karibu na Carson City, ilifunguliwa mwaka 1890 na kufungwa 1980. Watoto waliotoka upande wa Utah waliopelekwa huko majalada yao yako San Bruno, kwa sababu shule iko Nevada. Mzazi anayeuliza Broomfield ataambiwa hakuna kitu, na ataambiwa kweli. Jalada la mwanafunzi linaweza kuwa na fomu ya kuandikishwa yenye jina la mzazi au mlezi, barua za nyumbani, taarifa za afya. Ni karatasi zenye uchungu. Wenye haki ya kuzisoma kwanza ni familia, na kanuni ya kufunga habari za faragha kwa miaka 75 isitumike kumzuia mtoto wa marehemu mwenye cheti cha kifo mkononi.

Kwa FamilySearch tuna neno la pekee. Wagoshute wengi walibatizwa katika miaka ya 1870, na kumbukumbu hizo ni za zamani kuliko orodha za wakala. Tarehe za kuzaliwa zilizomo nyingi ni za kukisia. Tatizo kubwa liko kwenye mti wa pamoja wa ukoo, ambamo mgeni yeyote anaweza kuwaunganisha watu wawili wenye jina moja la Kiingereza. Katika jamii ambayo kila kijiji kilikuwa na Jim na Annie kadhaa, uunganishaji huo huharibu kazi ya miaka mingi. Wekeni kizuizi kwa watu walioandikwa kuwa Wagoshute waliozaliwa kabla ya 1940: wasiunganishwe bila chanzo kilichotajwa, na baraza la kabila lipewe uwezo wa kufunga rekodi.

Viko vyanzo nje ya serikali ambavyo mwongozo usiviache. Mwanabiolojia Ralph Chamberlin alichapisha mwaka 1911 na 1913 matokeo ya utafiti wake kati ya Wagoshute, yakiwemo majina ya mimea, ya mahali na ya watu. Hayo majina ya watu ni ufunguo wa kusoma safu ya jina la asili kwenye orodha za wakala. Chuo Kikuu cha Utah kina rekodi za sauti za Kishoshone zilizokusanywa na mwanaisimu Wick Miller, na mahojiano ya mradi wa historia simulizi uliofadhiliwa na tajiri Doris Duke. Mzee anapotaja kwenye mkanda nani alikuwa mjomba wa nani na kambi yao ya majira ya baridi ilikuwa bonde gani, hapo pana ushahidi ambao hakuna karani aliyewahi kuuandika. Na kwa habari ya mauaji ya wenyeji wa asili yaliyofanyika Spring Valley, Nevada, mahali ambapo tangu 2017 pamo kwenye Rejesta ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, masimulizi hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini baadhi ya koo zinakatika ghafla. Ripoti za jeshi huhesabu waliouawa. Hazitaji walikuwa wazazi wa nani.

Sasa tunachoomba, kwa vipimo.

Mwongozo wenyewe uwe kanzidata moja ndogo, kila mfululizo wa nyaraka ukiwa na miaka yake, ofisi iliyouandika, jengo ulipo leo, namba ya katalogi au ya filamu, umepigwa picha au bado, umefungwa hadi lini, na safu moja ambayo miongozo ya kawaida haina: unahusu makazi gani ya Wagoshute. Tahajia zote za jina la kabila ziingizwe, ili anayetafuta moja apate zote. Kazi hii haihitaji kuhamisha hata boksi moja. Watunza nyaraka wawili, mmoja Broomfield na mmoja San Bruno, wakipewa muda rasmi wa kazi hii na kukaa meza moja na watu waliochaguliwa na mabaraza mawili ya kabila, wanaweza kuanza na orodha za 1930 hadi 1940, ambazo zimepigwa chapa na kusomeka vizuri, kisha wakarudi nyuma.

Unakilishaji wa orodha ufuate maandishi yalivyo. Tahajia ya karani ikae kwenye safu yake bila kuguswa, usomaji sahihi ukae safu ya pili, na jina la aliyeutoa usomaji huo safu ya tatu. Namba zote mbili za mstari ziingizwe. Pale filamu iliposhindwa, na imeshindwa mara nyingi kwenye maandishi ya penseli na masahihisho ya pembeni, ukurasa wa asili, pale ulipo, upigwe picha upya kwa rangi, nukta 400 kwa inchi, mbele na nyuma. Neno “amekufa” au “amehamia” limeandikwa pembeni kwa penseli, na filamu ya nyeusi na nyeupe imelimeza.

Nakala zifike Ibapah na Skull Valley kabla ya kuwekwa hadharani. Chama cha watunza nyaraka cha Marekani kiliidhinisha mwaka 2018 kanuni za kushughulikia nyaraka za wenyeji wa asili, zilizotungwa tangu 2006, na zinataka jamii husika ishauriwe. Ushauri wenye maana hufanyika wakati bado inawezekana kusema hapana. Majalada ya warithi yanataja ndoa, watoto wa nje, magonjwa. Mabaraza ndiyo yaamue yapi yabaki kwa familia. Orodha zinazotaja watu walio hai zisiwekwe kabisa.

Nakala zilizothibitishwa kwa ajili ya maombi ya uanachama zitolewe bila malipo kwa mwombaji wa kabila husika, kwa posta au kwa barua pepe. Makosa yaliyomo yaliandikwa na watumishi wa serikali, wakiwa kazini. Si haki mjukuu alipie nauli hadi majimbo matatu ili kuyasahihisha. Na anapofika dirishani asiambiwe apime vinasaba: kipimo hicho kinaweza kuonyesha udugu kati ya watu wawili, hakiwezi kumtambulisha mtu kuwa Mgoshute.

Hatuombi majibu yaje kwetu. Yapelekeni kwa mabaraza ya Ibapah na Skull Valley, yakiwa na jina la mtumishi mmoja kutoka kila ofisi atakayeshughulikia jambo hili, na tarehe ya kikao cha kwanza. Kikao hicho kifanyike Ibapah.

Wenu katika kazi,

Wasomaji wa nyaraka za koo, kwa Kiswahili